Mkono wa Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji ameleta boti yake asubuhi, iko juu ya trela, nyuma yake imetazama mlango wa karakana. Anasema kazi ni ya siku mbili. Bolti nne zinazoshika injini zimeliwa na kutu, pete mbili za kufungia kamba zinacheza, kwa hiyo nitoe za zamani, nitie mpya, na niongeze bamba la chuma ndani na nje ili mvua zikianza asiwe na wasiwasi. Kwake kila kazi ni ya siku mbili, mradi haifanyi yeye.

Nimechukua bisibisi, nikagonga kwa mpini wake ukuta wa nyuma, ule unaobeba injini, shubiri kwa shubiri. Faiba ni ngozi tu, ndani ya ngozi ile kuna mbao, na mbao ndizo zenye nguvu. Mbao zikiwa nzima ukuta unaitika, ko, ko. Juu unaitika. Kushoto unaitika. Chini kulia, kwenye bolti ya nne, unatoa sauti ya mtu anayepiga godoro.

"Shemeji, huu ukuta tuukate tuone mbao."

"Ukate nini? Hiyo aliifunga kaka kwa mkono wake. Wewe weka bolti."

Kila mtu anajua hivyo, kwamba marehemu mume wangu aliifunga kwa mbao na faiba miaka mitatu iliyopita, mwaka mmoja kabla hajafariki. Sikubishana. Boti hii ndiyo inayovusha wauguzi saba kwenda zahanati ya ng'ambo kila Jumatatu na kuwarudisha Ijumaa, na mmoja wa hao saba ni binti yangu. Wiki hii wamevushwa na boti ya kuazima inayovuja, na wote wamelalamika.

Jumatano, 5 Machi

Bolti zimetoka. Ya nne imetoka na maji ya rangi ya chai iliyokolea, yakachuruzika hadi kwenye tairi la trela. Nimeingiza waya kwenye tundu. Kwenye mbao nzima waya hugota. Huu umeingia shubiri nzima bila kugota popote.

Nimemwita shemeji aone. Aliangalia waya, akaangalia saa.

"Jaza gundi, weka bamba. Bamba litabeba."

"Bamba lenyewe linabebwa na mbao."

"Kaka hakufunga mbao mbovu, shemeji. Labda umesahau alikuwa nani."

Sijasahau. Nimerudi kwenye kazi yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza. Nilipanua matundu, nikaacha taa ya moto ikiyamulika siku nzima ya jana, nikayajaza gundi ya faiba iliyochanganywa na unga wake hadi ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, ikakauka, nikatoboa upya. Bamba la ndani nimelikata refu kuliko alivyotaka, na la nje vilevile. Bolti ni za chuma kisichoshika kutu, kila moja na washa pana, pete bapa ya kutawanya uzito. Chini ya kila kichwa nimepaka silikoni mpaka ikafurika pembeni.

Ukiitazama utasema imetoka dukani jana. Watu wawili wamepita wakasifu, mmoja akasema marehemu hakufa maana mkono wake nimeurithi. Nilimshukuru, nikaingia ndani kuosha brashi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Wameondoka saa moja asubuhi. Binti yangu alinipungia mkono akiwa amejifunika gunia la nailoni kichwani.

Ijumaa, 14 Machi

Wamerudi salama. Shemeji akirudi Ijumaa huvuta boti hadi hapa karakana, inakaa kwenye trela mpaka Jumatatu, kwa hiyo nina siku mbili za kuichungulia.

Nimetia spana kwenye nati ya bolti ya nne. Nati iliyokazwa sawasawa haisogei tena. Hii imezunguka robo. Maana yake mbao zilizo katikati ya mabamba zinabonyea. Na kuna ufa kwenye rangi, unaanzia kona ya bamba kwenda chini, urefu wa kidole kimoja. Nimeweka alama ya penseli mwisho wake na tarehe pembeni.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Wameondoka.

Ijumaa, 21 Machi

Nati imezunguka nusu. Ufa vidole viwili.

Mama mkwe alitoka chumbani kwake cha uani akanikuta nimepiga magoti nyuma ya boti na penseli mdomoni. Ana miaka themanini na kitu, haoni vizuri lakini masikio yake ni ya paka.

"Unapima nini kila siku kwenye boti ya watu?"

"Ufa, mama."

"Na ukishaupima unafanya nini?"

Nikasema naandika. Akaguna, akaendelea na safari yake ya kwenda kuanua nguo. Sijui kwa nini maneno yake yameniuma kuliko yote niliyosikia wiki hii.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimwambia shemeji kuhusu nati. Akasema nati mpya hujikaza zenyewe, akatia ufunguo. Mtu mwenye kichwa kigumu hana raha kubwa kuliko kupata sababu ya kiufundi.

Maji yamepanda mpaka ubao wa tatu wa gati.

Ijumaa, 28 Machi

Binti yangu amerudi amelowa, anatetemeka, na bado anachekesha watu. Nikampa taulo na chai.

"Mama, ile injini siku hizi inatikisa kichwa."

"Inatikisaje?"

"Hivi." Akaweka kikombe mezani akakiinamisha mbele, akakirudisha nyuma, taratibu. "Boti ikipanda wimbi, inainama. Ikishuka, inarudi. Tunasema inaitikia kila anachosema baba mdogo. Ndiyo bosi, ndiyo bosi."

Wenzake ndio walioanzisha utani huo, akasema, na baba yake mdogo mwenyewe alicheka. Mimi nilikitazama kile kikombe. Injini ya farasi sitini ni uzito wa mwanamume mnene. Haitakiwi kusogea hata unene wa ukucha.

"Jumatatu usiende."

"Nisiende kazini? Niseme nini, mama yangu ana wasiwasi na nati?"

"Sema unaumwa."

"Na wale sita nao waumwe?"

Nilipima kabla giza halijaingia. Nati robo tatu. Ufa vidole vitatu, na unatoa jasho la rangi ya chai.

Jumatatu, 31 Machi

Wameondoka. Sikutoka nje kuwaangalia.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi, karakana inavuja sehemu nne, na mimi sina kazi ya mtu mezani. Basi niandike ukweli, maana daftari hili nalidanganya tangu siku ya kwanza.

Marehemu hakuifunga boti ile. Niliifunga mimi.

Mikono yake ilianza kutetemeka miaka miwili kabla hajafariki. Mwanzoni alimwaga gundi kidogo, tukacheka. Baadaye alishindwa kushika brashi, kisha akashindwa kushika kijiko. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata mama yake, hata mdogo wake. Aliona aibu, na alijua kwamba watu hawataleta boti kwa mwanamke. Tukaja na mpango. Mimi nafanya kazi ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi la faiba. Yeye anakaa nje kwenye kiti amevaa ovaroli, na kabla hajatoka nampaka gundi kidogo kwenye mikono ya ovaroli. Wateja wanamkuta pale, wanazungumza naye, anaingia ndani, anatoka, anawapa jibu. Jibu lilikuwa lake. Alikuwa na kichwa kizuri hadi siku ya mwisho. Kazi ilikuwa yangu, na nikiri kwamba sehemu kubwa ilikuwa nzuri. Nilikuwa nasikia wanavyomsifu nje ya mlango, nami naona raha na uchungu kwa pamoja.

Mwezi ule wa mvua ilipoletwa boti ya shemeji, hakuweza hata kutoka nje. Alilala. Kulikuwa na boti nne zinazongoja ukuta wa nyuma na wenyewe walikuwa wanapiga simu asubuhi na jioni. Mbao zilikuwa zimekuja na unyevu. Yeye alinifundisha namna ya kuzijaribu: unabandika kipande cha nailoni juu ya ubao jioni, unaziba pembe zote kwa gundi ya karatasi, na asubuhi unakitazama. Kikiwa kikavu unafunga. Kikiwa na ukungu kwa ndani, ubao unalia, unangoja. Unangoja wiki, unangoja mbili, wateja watukane wanavyotaka.

Asubuhi ile aliniuliza kutoka kitandani, "Nailoni imelia?"

Ilikuwa imelia. Ilikuwa na matone. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Haijalia."

"Basi funga," akasema.

Nimejiuliza miaka mitatu kwa nini nilisema vile. Nilichoka. Niliogopa wateja wangeondoka. Na nilitaka, mara moja tu, kumaliza kazi haraka kama yeye zamani, aone kwamba naweza. Basi nikafunga maji ndani ya faiba, nikapaka rangi. Yeye aliuliza swali sahihi na mimi nikamdanganya, sasa kila nikimsikia shemeji akisema mkono wa kaka, najua anausifu uongo wangu na kumbebesha marehemu.

Ndiyo maana sikubishana. Kama ningesisitiza kukata, angeniuliza kwa nini nina uhakika hivyo. Niliweka bamba juu ya kosa langu, nikalikaza kwa spana. Na chini ya bamba hilo binti yangu anavuka.

Ijumaa, 4 Aprili

Wametumia saa mbili na nusu kurudi, badala ya saa moja. Shemeji alipunguza mwendo njia nzima, ingawa hakusema sababu. Nimeona kamba mpya ameifunga kutoka kwenye injini hadi kwenye pete za pembeni. Kwa hiyo naye anajua. Ile kamba imenitisha kuliko ufa.

Nati imezunguka mzunguko mzima. Ufa vidole vitano, umepinda chini ya bamba na sioni unakoishia.

Nilipiga moyo konde nikamwendea wakati anakunja turubai.

"Shemeji, nina neno."

"Kama ni la kukata, mvua ziishe kwanza."

"Ni la kaka yako."

Alisimama. Uso wake ulilegea, ukawa uso wa mdogo mtu, nikamkumbuka alivyolia makaburini mpaka akashikwa na watu wawili. Akasema, "Unajua, kila nikiwa katikati ya maji na wimbi ni kubwa, naweka mkono nyuma pale, kwenye ukuta. Najiambia kaka yupo hapa."

Nikamwambia tutaongea siku nyingine. Nimekuja kuandika haya.

Jumapili, 6 Aprili

Redio imesema upepo mkali kesho baada ya saa nne asubuhi. Shemeji amesema watatoka saa kumi na mbili na nusu wauwahi.

Nimenoa misumeno yote miwili. Nimebadilisha jiwe la grenda.

Jumatatu, 7 Aprili

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa nyuma ya boti na grenda mkononi. Sikumwamsha mtu. Nilijua nikianza kuongea sitakata, na nikianza kukata sitapata njia ila kuongea.

Bolti zilitoka bila shida, jambo ambalo lenyewe ni jibu. Injini niliishusha kwa winchi. Kisha nikakata ngozi ya faiba kutoka kona ya juu kwenda chini, nikavuka, nikapanda. Vumbi lilijaa, na ndani ya vumbi nilisikia miguu ikija mbio juu ya changarawe.

"Wewe! Shemeji! Zima! Zima hicho kitu!"

Nilizima nilipomaliza mstari wa nne. Alikuwa na ufunguo mkononi. Nyuma yake wauguzi wanateremka njiani na mabegi yao, binti yangu wa pili kutoka mbele.

"Umeniulia boti," akasema. "Asubuhi ya kazi. Una wazimu?"

Nilitia patasi kwenye mstari, nikabetua. Ngozi ilibanduka kipande kizima. Mbao zilikuwa nyeusi. Nikachota kwa mkono, zikaja kama mkate uliolowekwa kwenye chai, maji yakanimiminikia mpaka kwenye kiwiko. Nilimwekea shemeji konzi moja ya mbao zile kwenye kiganja chake. Hakukikunja wala hakumwaga.

"Kaka hawezi kufanya hivi," akasema polepole.

"Hakufanya. Nilifanya mimi. Alikuwa hawezi kushika brashi miaka miwili. Boti zote za miaka ile nilizifunga mimi, na hii niliifunga ikiwa mbichi. Aliniuliza kama imekauka nikamdanganya."

"Unamsingizia marehemu."

"Najisingizia mwenyewe, shemeji. Sikiliza vizuri."

"Kaka alikuwa anakaa pale mlangoni na gundi kwenye nguo! Nilimwona kwa macho yangu!"

"Gundi nilimpaka mimi."

Mkono wake ulinyanyuka, nadhani angenipiga, na nisingekwepa. Sauti ilitoka uani.

"Mwache." Mama mkwe alikuwa ameegemea mlango wake, kanga moja, miguu mitupu kwenye matope. "Kaka yako alikuwa hawezi hata kunywa chai. Nilikuwa nasikia kikombe kinavyogonga kwenye sahani. Miaka miwili nasikia."

"Ulijua, mama?" nikauliza.

"Nilijua mikono. Ya mbao sikujua." Akanigeukia mahali nilipo, au karibu na hapo. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nikasema huyu mtoto ataniambia. Umenichelewesha sana."

Nililia mbele ya wauguzi saba. Binti yangu aliweka begi chini, akaja akanifuta uso kwa kona ya koti lake la kazi. Kila nikimwangalia namwona kwenye wimbi na injini inamwitikia.

Shemeji alikaa juu ya tairi la trela. Alikaa muda mrefu, ile konzi bado kiganjani. Upepo ulianza kabla hata ya saa mbili, si saa nne kama redio ilivyosema, maji yakaanza kupiga gati kwa nguvu, sote tukayasikia. Mmoja wa wauguzi alisema kwa sauti ndogo kwamba wakati huu wangekuwa katikati.

Ndipo shemeji akainua uso.

"Zile mbao nilizileta mimi," akasema. "Nilizipakia kwenye boti hii hii, na mvua ikaninyeshea njiani. Zilikuwa nane."

"Nane, ndiyo."

"Huu ukuta umekula mbili." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Sita ziko wapi?"

Jumanne, 8 Aprili

Tumekaa mezani tangu asubuhi, mimi, shemeji na simu mbili. Boti tatu. Mbao mbili kila moja.

Ya kwanza ni ile nyeupe ya mwalimu mstaafu. Imepinduliwa uani kwake tangu mwaka juzi, kuku wanataga chini yake. Shemeji alicheka peke yake mpaka akakohoa.

Ya pili imeshauzwa. Mwenye nayo sasa alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili ya maana, akasema hataigusa mpaka nifike. Nikamwombea dua.

Ya tatu ni ya kijani, ya muuza barafu, ambayo siku za soko inabeba watu kumi na wawili na masanduku. Leo ni siku ya soko. Alipokea mlio wa tano. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na injini, upepo, na watu wanaongea kwa kelele.

"Mama fundi! Habari za siku nyingi!"

Nikamwambia ageuke, arudi nchi kavu taratibu, ukuta wake wa nyuma umeoza.

"Huu? Huu haujaoza. Huu aliufunga mzee mwenyewe."

"Hakuufunga yeye. Niliufunga mimi, na mbao zilikuwa mbichi."

Akacheka, kicheko cha upole kabisa, cha mtu anayemfariji mfiwa.

"Pole, mama. Najua uchungu bado haujaisha. Lakini mume wako hakuwahi kufunga kitu kibaya, hilo hapa kila mtu anajua. Hata leo abiria wameuliza na huu upepo, nikawaambia kaeni, hii ni kazi ya marehemu."

Shemeji alininyang'anya simu, akapaza sauti, akamwambia mimi ni mdogo wa marehemu, ni mdogo wake wa damu, geuza boti. Tulisikia injini, halafu upepo peke yake, halafu simu ikakatika.

Tumempigia tena mara tisa. Shemeji ametoka kutafuta boti ya kuazima. Mimi nimebaki na simu, nimewapigia watu wa gati la sokoni, wanasema hajafika, wanasema nisiwe na wasiwasi, boti ile ni imara.